Kadi ya hifadhi za Marekani: dola 80 kwa gari zima, bibi na kitinda mimba wakiwemo

Kila shule zinapokaribia kufungwa, akina mama wenzangu hapa Aurora, Colorado, huniuliza swali lile lile: watoto wanataka kuona Grand Canyon na yale matao ya Utah, je, ile kadi ya hifadhi za taifa inafaa kununuliwa au ni kutupa hela? Jibu langu ni kwamba inafaa, na inamfaa zaidi anayesafiri na watoto wadogo pamoja na mtu mzima mwenye magoti yanayouma. Nitaeleza kwa kirefu, maana safari za kiangazi zina gharama na wengi wetu tunazidunduliza mwaka mzima.

Kadi yenyewe inaitwa America the Beautiful. Ni ya plastiki, ukubwa wake kama wa leseni ya udereva, na nyuma ina nafasi ya saini. Ilianza kuuzwa mwaka 2007 kwa dola 80, na kwa mkazi wa Marekani bei ni hiyo hiyo mpaka leo. Unafika getini, unaitoa pamoja na kitambulisho chenye picha, gari zima linaingia. Pale wanapotoza kwa kichwa badala ya gari, inamwingiza mwenye kadi na watu wazima wengine watatu. Watoto wa chini ya miaka 16 hawalipiwi. Inatumika kwenye maeneo zaidi ya 2,000 ya serikali kuu: hifadhi za taifa, misitu, maziwa na mengineyo.

Tuchukue mzunguko tuliopita sisi, ambao familia nyingi za Denver huupita. Unashika barabara kuu ya I-70 kwenda magharibi, unavuka milima kwa handaki la Eisenhower lililo zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, unashuka mpaka Grand Junction, unaingia Utah, unakata kusini hadi Arizona, kisha unarudi nyumbani kwa kupitia Mesa Verde. Bei za getini kwa gari la familia tulizozikuta ni hizi: Arches dola 30, Canyonlands 30, Capitol Reef 20, Bryce Canyon 35, Zion 35, Grand Canyon 35, Mesa Verde 30 wakati wa kiangazi. Hiyo ni 215. Ongeza 25 za Colorado National Monument na 30 za Glen Canyon kule Ziwa Powell, unafika 270. Anayekwenda hifadhi moja au mbili asihangaike na kadi. Tiketi ya kawaida ya gari inadumu siku saba na itamtosha. Zikifika tatu kubwa, kadi imejilipa.

Hesabu hiyo kila mtu anaweza kuipiga. Faida niliyoipenda mimi ni nyingine. Ukiwa umelipa dola 30 getini, moyo unagoma kuondoka kabla hujazifaidi. Utamburura mtoto aliyekwishachoka, utamwambia mama mkwe avumilie kidogo, utasimama juani mpaka mchana wote uwe ugomvi. Ukiwa na kadi mkononi, mambo yasipoenda unageuza gari, basi. Hakuna anayepiga hesabu ya hasara kichwani.

Tuliliona hilo mapema kabisa, Colorado National Monument, nje kidogo ya Grand Junction. Ndipo tuliponunulia kadi, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha ya kiingilio hubaki mahali ilipolipwa, na nilitaka yetu ibaki kwenye hifadhi ndogo isiyo na foleni. Barabara ya Rim Rock ina urefu wa maili 23, imechongwa pembeni ya majabali, na kona zake hazina huruma. Kitinda mimba wangu, ambaye ana miaka minne, akatapika kwenye kona ya nne au ya tano. Tukasimama eneo la kutazamia, tukamsafisha, tukamnywesha maji, tukatazama ile nguzo ya mwamba inayoitwa Independence Monument ikiwa imesimama peke yake bondeni, tukashuka. Saa moja tu. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hakubali kuondoka mahali alipolipia, hakusema neno.

Arches tuliigawa. Njia ya kwenda Delicate Arch ni kama kilomita tano kwenda na kurudi, inapanda juu ya mwamba mtupu na haina kivuli hata cha kuficha kichwa. Mwezi wa sita pale Moab, mji ulio jirani na hifadhi, jua la mchana linafika nyuzi 38. Kwa hiyo baba na binti mkubwa walitoka alfajiri na chupa zao za maji, wakarudi kabla jua halijakaza. Sisi wengine tulikwenda eneo la chini la kutazamia tao hilo hilo, mwendo wa mita tisini hivi kwenye njia tambarare. Unaliona kwa mbali lakini unaliona. Jioni tukaingia tena wote pamoja mpaka sehemu ya Windows, ambapo matao makubwa yako karibu na maegesho. Hifadhi ile ina matao zaidi ya 2,000, na hakuna sababu ya kuyakimbilia yote. Ushauri wangu kwa wenye watoto: Arches ni ya asubuhi sana na jioni, mchana kaeni kwenye bwawa la kuogelea la hoteli.

Canyonlands tulipita upande wa Island in the Sky, tukatembea mpaka Mesa Arch, tukala sambusa baridi za kwenye deli, tukaondoka. Ni pazuri, ila watoto walikwishachoka na kuangalia mabonde kutoka juu.

Capitol Reef ndiyo hifadhi ambayo watu huipita mbio, na ni makosa. Barabara namba 24 inakatiza katikati yake bila malipo. Kiingilio ni cha ile Scenic Drive peke yake. Pale Fruita kuna miti ya matunda iliyopandwa na walowezi wa Kimormoni tangu miaka ya 1880: cheri, aprikoti, pichi, peasi, tufaha. Msimu wa kuvuna ukiwa wazi unaruhusiwa kuingia na kula tunda papo hapo bure, na unalipia yale unayobeba. Kuna nyumba ya zamani inaitwa Gifford House inayouza vipai vidogo vya matunda, na vikiisha vimeisha, kwa hiyo nendeni asubuhi. Tulitandika mkeka chini ya miti, nikatoa chupa ya chai, tukala vipai, tukaswali adhuhuri kivulini. Mama mkwe wangu, aliyetoka Tanga kuja kututembelea, alizunguka mti mmoja mmoja akipapasa majani na kuuliza unazaa mwezi gani, unamwagiliwa maji ya wapi, nani anaupogolea. Nilimwonyesha mfereji wa maji unaopita kati ya miti. Akasema, "Hawa watu walifanya kazi." Tulikaa pale muda mrefu kuliko mahali popote pengine.

Kutoka Capitol Reef kwenda Bryce kuna barabara namba 12, na hiyo naisifia bila kadi wala tiketi. Inapanda Boulder Mountain kwenye misonobari na miti ya aspeni mpaka karibu mita 2,900, inashuka kwenye mawe meupe, halafu kuna kipande kinaitwa Hogback ambapo lami imekaa juu ya mgongo wa mwamba na pande zote mbili ni bonde. Jazeni mafuta kabla, msiiendeshe usiku.

Bryce Canyon ilikuwa kwenye maombi ya mama mkwe baada ya kuona picha kwenye simu ya mjukuu. Wengi hawajui kwamba kuko juu, zaidi ya mita 2,400, na asubuhi ya Juni kuna baridi ya kuvalia sweta. Kati ya Sunrise Point na Sunset Point kuna njia ya lami ya nusu maili, haina ngazi, ina mabenchi ya kupumzikia, na chini yako ndiyo zile nguzo za mawe, maelfu kwa maelfu, nyekundu na za rangi ya chungwa, nyingine zimebeba jiwe kichwani. Kazi hiyo imefanywa na barafu. Maji ya theluji huingia kwenye nyufa mchana, usiku huganda na kutanuka, mwamba unapasuka. Na kwa sababu ya urefu wa mahali penyewe, hali hiyo ya kuganda na kuyeyuka hujirudia karibu nusu ya siku za mwaka. Mwanangu wa kati ndiye aliyetueleza haya, kwa sababu alikuwa anajaza kijitabu cha Junior Ranger.

Kijitabu hicho nitakisemea kidogo, kwani ndicho kilichotuokoa na vilio vya "mama, tunafika lini". Kinatolewa bure kituo cha wageni karibu kila hifadhi. Mtoto anajaza maswali na michoro kulingana na umri wake, anahudhuria mazungumzo ya mhifadhi, halafu anarudisha. Mhifadhi wa Bryce, dada mwenye kofia ile pana ya majani, alikikagua ukurasa kwa ukurasa, akamuuliza kwa nini mnyama anayeitwa prairie dog anahitaji kulindwa, akangoja jibu bila kumkatisha. Kisha akamwambia anyanyue mkono wa kulia na arudie kiapo maneno baada ya maneno mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni. Watu wakapiga makofi. Beji ile hakuivua mpaka tunarudi nyumbani, hata kulala alilala nayo.

Mama mkwe alikaa benchi lake, tasbihi mkononi, akasema, "Mwanangu, jioni mnirudishe hapa hapa." Tukamrudisha. Getini kijana akaangalia kadi na leseni yangu, akasema "karibuni tena", kwa Kiingereza chake, na tukaingia.

Zion unaifikia kutoka mashariki kwa handaki la maili moja na ushei lililofunguliwa mwaka 1930, lenye madirisha yaliyotobolewa mwambani. Gari linapita gizani, ghafla mwanga unaingia na majabali yanaonekana, halafu giza tena. Wanangu walipiga kelele kila dirisha. Ndani ya korongo lenyewe, msimu wa mabasi huruhusiwi kuendesha gari lako. Unaliacha maegeshoni na kupanda basi la hifadhi, ambalo ni la umeme na halilipiwi. Mfumo huo ulianza mwaka 2000 baada ya magari kulemea lile bonde jembamba, na kwa familia yenye mzee hakuna kitu bora zaidi. Mama mkwe alikaa dirishani, akateremka vituo alivyovitaka, vingine akabaki kwenye kiti. Kituo cha mwisho, Temple of Sinawava, kina njia iliyosakafiwa kandokando ya Mto Virgin, kama maili moja kwenda. Tulimpeleka nusu yake, polepole, kuta za mwamba zikiwa zimetuzunguka mamia ya mita juu.

Hapa sasa niseme kadi isichofanya, kwa maana kuna watu wameinunua wakidhani ni ufunguo wa kila mlango. Haikupi maegesho. Zion kwenye kiangazi maegesho hujaa asubuhi, na mwenye kadi anazunguka kama asiye nayo. Afadhali kulala mji wa Springdale na kupanda basi la mji mpaka getini. Hailipii kambi wala ziara za kuongozwa. Haiondoi masharti ya kuweka nafasi mapema: Rocky Mountain, hifadhi iliyo karibu nasi hapa Denver, imekuwa ikidai muda uliowekwa kwa miezi ya kiangazi, na kadi bila nafasi hiyo inarudishwa. Kila mwaka sharti hili linabadilika hifadhi kwa hifadhi, kwa hiyo angalieni tovuti ya hifadhi husika kabla ya kuondoka nyumbani.

Halafu kuna maeneo ambayo si ya serikali kuu kabisa. Horseshoe Bend, ile kona ya Mto Colorado pale Page, maegesho ni ya mji, dola 10 kwa gari. Dead Horse Point karibu na Moab ni ya jimbo la Utah. Antelope Canyon na Monument Valley ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, na wanaisimamia wao. Monument Valley tulilipa dola 8 kwa mtu. Nilimsikia mgeni mmoja dirishani akigomba kwamba ana kadi ya taifa, na nilitamani kumwambia kwamba na wale nao ni taifa. Walipe, jamani, na wanunue na mkate wao wa kukaanga barabarani. Mama mkwe aliuonja akasema ni andazi lililokosa iliki, akaomba wa pili. Jambo moja la kuangalia: Arizona haisogezi saa kiangazi, lakini ardhi ya Wanavajo inasogeza. Simu itaruka saa mbele na nyuma mnapovuka mipaka, na kama mmeweka ziara ya Antelope Canyon, ulizeni wanatumia saa ya wapi.

Grand Canyon tuliingia kwa mlango wa mashariki, kutoka Cameron, na ninaupendekeza kuliko ule wa kusini. Foleni ni fupi, na mnaliona korongo kwa mara ya kwanza pale Desert View, penye mnara wa mawe uliobuniwa na msanifu majengo Mary Colter na kukamilika mwaka 1932. Sitalieleza korongo, lina kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu na maneno yangu hayafiki chini. Niseme tu kwamba ukingoni sehemu nyingi hazina uzio. Mshikeni mtoto mkono, mkono hasa, siyo kumwita kwa jina.

Mesa Verde kadi inakuingiza hifadhini, lakini kushuka Cliff Palace, ile nyumba ya mawe yenye vyumba kama 150 iliyojengwa ndani ya jabali miaka zaidi ya 700 iliyopita, kunataka tiketi ya ziara inayonunuliwa mapema kwenye intaneti, na kuna ngazi za kukwea. Sisi tuliitazama kutoka juu, ikatosha.

Kabla hujatoa dola 80, angalia kwanza nyumbani kwako kuna nani. Mtoto aliye darasa la nne anapata kibali cha bure kinachoitwa Every Kid Outdoors, kinaingiza gari zima, na kinafanya kazi mpaka mwisho wa Agosti baada ya mwaka huo wa shule. Bibi au babu mwenye miaka 62 na kuendelea, akiwa raia au ana green card, analipa dola 20 kwa mwaka au 80 kwa maisha yake yote, na kambi nyingi anapunguziwa nusu. Mwenye ulemavu wa kudumu, kwa masharti hayo hayo ya ukazi, hupata yake bure. Najua familia zaidi ya moja hapa Aurora zinazoishi na bibi mwenye green card na bado zinalipa getini kila hifadhi.

Kwa wageni kutoka nyumbani, mambo yamebadilika. Tangu Januari 1, 2026, bei ya dola 80 ni ya wakazi wa Marekani wenye kitambulisho. Asiye mkazi ananunua kwa dola 250, na asiyekuwa na kadi hutozwa dola 100 za ziada kwa mtu kwenye hifadhi 11 zenye watu wengi, Grand Canyon, Zion na Bryce zikiwemo. Sisi tulisafiri kabla ya hapo. Mwenye mzazi anayekuja kwa viza mwaka huu aulize hifadhi yenyewe mapema jinsi wanavyomhesabu abiria asiye mkazi.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kadi ikipotea haifidiwi, unanunua nyingine kwa bei kamili, na kipande cha plastiki kinachopita mikononi mwa watoto siku nzima ni rahisi kupotea. Kwangu kilikaa kwenye pochi pamoja na pasi ya kusafiria ya mama mkwe. Sasa kuna ya kidijitali kwenye tovuti ya Recreation.gov, ambayo ningeichukua. Inunueni mwanzoni mwa mwezi, kwani huisha siku ya mwisho ya mwezi ule ule mwaka unaofuata. Ya kwetu inakwisha Juni 30, na kabla ya hapo tunawapeleka watoto Great Sand Dunes mwishoni mwa Mei, wakati kijito cha Medano kinapopita chini ya vilima vya mchanga kikiwa na maji ya kuogea.